Fomu ya Wakili, Simu ya Jirani

Katika mji wa Tarime, kama ilivyo Mugumu na katika miji mingi ya Tanzania, huduma za mtandaoni zina mlango mmoja ambao watu wengi hupitia: steshenari. Hapo mwananchi hukaa kwenye benchi huku kijana wa kompyuta akimwombea cheti cha kuzaliwa RITA, mkopo wa chuo, pasipoti au nafasi ya kazi. Kijana anauliza, mteja anajibu kwa sauti, na foleni nzima inasikia. Barua pepe inafunguliwa papo hapo, neno la siri linachaguliwa na kijana mwenyewe, na mara nyingi linabaki limehifadhiwa kwenye kompyuta ya duka. Kwa ombi la pasipoti, watu wameshazoea. Lakini siku fomu hiyo inapotoka kwa wakili, na swali la nane linauliza ni nani aliyembaka mtoto, benchi lile lile linakuwa mahali pa hatari.

Ofisi za mawakili katika nchi nyingi zimeanza kuachana na mahojiano ya kwanza ya karatasi. Badala ya kumketisha mteja mbele ya meza kwa saa mbili, wakili humtumia dodoso la mtandaoni: jina, makazi, tukio, tarehe, mashahidi, nyaraka alizo nazo. Mteja hujibu akiwa kwake, hupiga picha ya hati ya kiwanja au ya fomu ya polisi namba 3, ile PF3, akaiambatisha na kutuma. Siku wanapokutana, wakili tayari anajua shauri ni la nini, na muda wao unatumika kwa yale yanayohitaji kutazamana usoni.

Mkoani Mara hiyo si anasa. Mahakama Kuu inakaa Musoma. Mtu wa Nyamongo, au wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, akitafuta wakili hutazama Tarime mjini, Musoma au Mwanza. Safari hiyo ni nauli, ni siku nzima ya shamba iliyopotea, na kwa mwanamke anayemshtaki mtu wa ukoo wake ni swali linalomsubiri mlangoni akirudi: ulikuwa wapi?

Umbali unaweza kuwa mkubwa kuliko huo. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 na baadaye kuingia mikononi mwa Barrick, umezaa mashauri yaliyovuka bahari. Mwaka 2013 wanavijiji waliodai kujeruhiwa au kufiwa na ndugu zao katika matukio ya mgodini walifungua shauri London wakiwakilishwa na ofisi ya mawakili ya Leigh Day. Lilimalizwa nje ya mahakama Februari 2015. Novemba 2022 kundi jingine lilifungua madai Ontario, Kanada, dhidi ya Barrick, nayo Barrick ikayakana. Novemba 2024 jaji wa Ontario aliamua kwamba mahakama yake haina mamlaka juu ya shauri hilo, na kwamba Tanzania ndiko kunakofaa zaidi kulisikiliza.

Katika mashauri ya namna hiyo kila mdai ni faili: alipigwa risasi wapi, saa ngapi, nani alimbeba, alitibiwa hospitali gani, nani alikuja baadaye kumshawishi akae kimya. Ukiyaweka majibu ya wadai ishirini pamoja, umepata orodha ya mashahidi, nyumba zao na namba zao za simu. Hakuna karatasi yenye thamani kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kuwafikia kabla ya mahakama. Ndiyo maana jinsi maswali yanavyomfikia mteja, na jinsi majibu yanavyorudi, ni sehemu ya utetezi wenyewe. Kazi hiyo haistahili kuachiwa fundi wa kompyuta peke yake.

Fomu iliyo salama hujengwa kwa vitu vichache vinavyoeleweka. Cha kwanza ni kusimba maneno njiani: kati ya simu ya mteja na kompyuta ya ofisi, majibu hugeuzwa kuwa herufi zisizosomeka na yeyote aliye katikati. Anwani inayoanza kwa https ndiyo dalili yake, ingawa hata matapeli wanaweza kuwa na anwani ya namna hiyo. Cha pili ni linki ya mtu mmoja, inayokufa baada ya siku kadhaa, na inayofunguka kwa namba ya siri inayotumwa kwa njia nyingine. Cha tatu ni ghala: majibu yanapofika yahifadhiwe yakiwa yamesimbwa, yafunguliwe na watu wachache wanaojulikana kwa majina, na mfumo uandike nani alifungua nini na lini.

Ofisi nyingi ndogo hutumia fomu za bure za Google. Si kosa, kwa sababu majibu husimbwa njiani. Hatari iko kwenye vitufe. Kuna kimoja kinachomruhusu kila aliyejibu kuona muhtasari wa majibu ya wenzake. Kikiachwa wazi, mdai wa Kewanja anaweza kusoma maelezo ya mdai wa Nyangoto. Kisha kuna jedwali la majibu ambalo karani, kwa kutaka kurahisisha mambo, huliweka lifunguliwe na yeyote mwenye linki. Linki hiyo ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, hakuna mwanasheria awezaye kuirudisha.

WhatsApp yenyewe imesimba mazungumzo tangu mwaka 2016, na watu wengi huitegemea kwa sababu hiyo. Lakini picha ya PF3 iliyotumwa hubaki kwenye ghala la picha la simu, hutazamwa na mtoto anayecheza gemu, na nakala ya akiba inayopanda kwenye akaunti ya Google haisimbwi kwa kiwango kile kile mpaka mwenye simu aamue kuwasha kinga hiyo. Baadhi ya simu za vijijini zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na akaunti iliyomo huenda ilifunguliwa na muuzaji.

Uzembe wa ofisi una bei yake. Mwaka 2022 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliitoza Tuckers Solicitors, ofisi inayojulikana kwa kesi za jinai, faini ya pauni 98,000. Wahalifu walikuwa wameingia kwenye mfumo wake mwaka 2020 na kuyafunga majalada 24,712 ya mahakama. 60 kati ya hayo yalitangazwa kwenye soko la siri la mtandaoni, yakiwa na taarifa za matibabu, maelezo ya mashahidi na majina ya waathirika. Moja ya makosa yaliyotajwa ni kwamba ofisi haikuwa imeweka hatua ya pili ya kujitambulisha, yaani ile namba inayokuja baada ya neno la siri. Kinga hiyo haina gharama kubwa. Ofisi yenye wakili mmoja na karani mmoja inaweza kuiwasha leo mchana.

Yote hayo, hata hivyo, yanahusu njia na ghala. Katika Tarime na Serengeti sehemu dhaifu iko mwanzoni kabisa mwa njia: kwenye mkono ulioshika simu. Katika familia yenye simu janja moja, mara nyingi simu hiyo ni ya baba au ya kijana mkubwa. Mama ana kitochi. Ukimtumia mama namba ya siri kwenye simu ya mumewe, umemtumia mumewe. Hata kichwa cha ujumbe kinaweza kumponza mtu, kwa kuwa simu nyingi huonyesha mstari wa kwanza ikiwa imefungwa. Ujumbe usemao “Fomu yako kuhusu shauri la ukatili iko tayari” umeshamaliza siri kabla fomu haijafunguliwa. Wakili mwangalifu humuuliza mteja mapema, uso kwa uso au kwa sauti: simu hii ni ya nani, nani mwingine anajua namba ya kuifungua, saa ngapi uko peke yako, na nikitaka kukupata niandike maneno gani? Ofisi zinazorukia kwenye mfumo kabla ya maswali hayo manne zinanunua kufuli kwa nyumba isiyo na ukuta.

Wilaya ya Serengeti ina mfano wa njia tofauti, na unastahili kutazamwa kwa makini ingawa haukutoka kwa mawakili. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni. Takwimu za kitaifa za afya zilionyesha kwamba mwaka 2022 asilimia 28 ya wanawake mkoani Mara walikuwa wamekeketwa, kutoka asilimia 32 katika utafiti wa 2015-16. Msimu huja hasa Desemba, kwa uamuzi wa wazee wa mila wa koo, na kwa desturi huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili. Simu ya usiku ikilia Mugumu, swali la kwanza lilikuwa daima: kijiji hicho kiko wapi, na njia gani inafika?

Ramani zilizokuwepo hazikuwa na jibu. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza mwaka 2015, ulikusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi waliochora nyumba na barabara za Mara kutoka kwenye picha za setilaiti na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia. Kisha vijijini wakapatikana watu waliofunzwa kutumia simu janja na programu ya ODK kuandika matukio ya ukatili na kuyapeleka yanakoweza kushughulikiwa. Mwathirika mwenyewe hahitaji kuwa na simu, bando wala ujuzi. Anahitaji mtu anayemwamini, kijijini kwake, ambaye mkononi ana fomu.

ODK ilianzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, kwa ajili ya mahali kama hapa. Hufanya kazi bila mtandao. Majibu hukaa kwenye simu mpaka mnara upatikane, na hilo si dogo kwa vijiji vya Serengeti ambako mawimbi huja na kwenda, wala kwa Sirari ambako simu hunasa mnara wa Kenya. Fomu moja inaweza kubeba lugha kadhaa, na mwulizaji akabadili kwa kugusa tu. Na kuna jambo ambalo kila ofisi ya wakili ingepaswa kulifahamu: fomu zake zinaweza kusimbwa kwa funguo mbili. Ufunguo mmoja huishi ndani ya fomu na kazi yake ni kufunga tu. Wa pili, unaofungua, hubaki kwenye kompyuta ya ofisi. Msaidizi wa kisheria akishakamilisha fomu kule kijijini, yeye mwenyewe hawezi tena kuisoma. Simu ikiibwa njiani, au mtu mwenye nguvu akimlazimisha aifungue, hakuna kinachoonekana.

Simu hiyo hiyo inaweza kunasa mahali ilipo. Kwa mkulima wa Robanda ambaye mahindi yake yamekanyagwa na tembo, hilo ni neema: picha ya shamba, tarehe na mahali pake huenda pamoja, na madai yake ya kifuta jasho yanapata uzito. Kwa msichana aliyefichwa kwa shangazi, mahali hapo hapo ni hatari ya kwanza. Fomu ya tembo na fomu ya msichana hazipaswi kuwa fomu moja, na ofisi inayotumia kiolezo kimoja kwa kila shauri itakuja kumwonyesha adui njia.

Maswali yenyewe nayo yanataka kazi. Dodoso lililoandikwa Dar es Salaam, au lililotafsiriwa kutoka London, hufika Tarime na kukwama kwenye mstari wa pili: hali ya ndoa. Ameolewa, hajaolewa, mjane, ametalikiwa. Miongoni mwa Wakurya kuna nyumba ntobhu, mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mahari ya ng'ombe ili nyumba isiyo na mtoto wa kiume ipate warithi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitambua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mwanamke huyo hana kisanduku cha kuweka alama. Mara nyingi shauri lake la mirathi au la watoto limelala hapo hapo, mahali fomu isipouliza. Kisanduku kimoja cha “eleza kwa maneno yako” kina faida kuliko visanduku kumi vya kuchagua.

Majina pia. Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke na Ghati ni majina yanayojirudia kila boma, na fomu inayotaka jina la kwanza na la mwisho itapata akina Chacha Mwita wengi mno. Namba ya NIDA hutenganisha watu, lakini tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo si namba ya kusambaza ovyo. Jina la mama, kitongoji na jina la mwenyekiti wa kitongoji hufanya kazi hiyo vizuri. Huko Nyamongo, karibu na mgodi, dodoso la fidia lisiloulizia tegesha, yaani nyumba na mazao yaliyowekwa haraka ili yakute tathmini, litamwacha wakili akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza mdomoni mwa wakili wa upande wa pili.

Na kuna maswali ambayo hayafai kuulizwa kwa fomu hata kidogo. Maelezo kamili ya ubakaji hayapaswi kuandikwa na mwathirika peke yake usiku, kwenye kioo cha simu, bila mtu wa kumshika mkono anapotetemeka. Fomu iulize yuko salama sasa hivi, ana majeraha, ameshakwenda hospitali, angependa kuongea na mwanamke au mwanamume. Mengine yasubiri chumba chenye mlango. Kukusanya kidogo ni kinga pia, kwa sababu kisichoandikwa hakiwezi kuvuja.

Tanzania sasa ina sheria inayosema hivyo hivyo kwa lugha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa aeleze kusudi lake, achukue kiasi kinachohitajika tu, azilinde, na asizitunze kupita muda unaotakiwa. Taarifa za watoto, za afya, za maisha ya kimapenzi na za makosa ya jinai zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hutaka ridhaa ya maandishi. Kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake, na hilo linaigusa kila ofisi ambayo fomu zake hutunzwa kwenye mitambo ya Ulaya au Marekani, hata kama wakili na mteja wote wako Musoma.

Sheria ya Ushahidi ni ya zamani zaidi, nayo inamkataza wakili kufichua alichoambiwa na mteja wake bila mteja kuridhia. Kinga hiyo huwafikia pia wakalimani na makarani wa wakili. Haimfikii kijana wa steshenari. Hapo ndipo panapotenganisha msaidizi anayefanya kazi chini ya wakili, akijaza fomu kwa niaba ya bibi asiyejua kusoma, na msaidizi wa kulipwa shilingi elfu mbili dukani: alichokisikia huyu wa pili, anaweza kuitwa akakisema. Wakili anayemwambia mteja wa Nyamwaga “nenda tu steshenari watakujazia” amemtoa mteja wake nje ya kinga kwa sentensi moja.

Majibu ya fomu si kiapo. Yakitakiwa mahakamani kama maelezo ya kuapa, mteja atakwenda mbele ya kamishna wa viapo kama kawaida. Lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokewa kama ushahidi, mahakama ikitazama namna zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na kama hazijaguswa. Fomu yenye saa, tarehe na rekodi ya nani aliifungua hujibu maswali hayo yenyewe. Picha ya karatasi iliyopitia simu nne haiwezi.

Mteja naye ana haki ya kuuliza kabla hajagusa kitufe cha kutuma. Linki hii imetoka kwa wakili kweli? Apige simu ofisini, kwa namba aliyopewa ana kwa ana, asitumie ile iliyokuja na linki. Nani atasoma? Nikikosea, nitarekebisha vipi? Je, naweza kujaza nusu na kuendelea kesho, au nikizima simu kila kitu kinabaki wazi? Shauri likiisha, majibu yangu yatakwenda wapi? Wakili aliyejiandaa hujibu maswali hayo kwa Kiswahili cha kawaida, na pale Kiswahili kisipotosha, kwa Kikurya au Kingoreme kupitia mtu aliyeapishwa kutunza siri.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye majibu mabovu zaidi kwa sasa. Miradi ya msaada wa kisheria huja kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, kisha wafadhili huondoka. Simu hubaki kijijini mikononi mwa msaidizi, akaunti ya karani aliyehamia Mwanza hubaki wazi, na jedwali la majina ya wasichana hubaki kwenye kompyuta ambayo hakuna anayekumbuka neno lake la siri. Kazi inayotakiwa hapo inaweza kuandikwa kwenye mkataba siku ya kwanza: nani anashika ufunguo wa kufungulia fomu, simu zinarudi lini na zinafutwa na nani, majibu yapi yanahifadhiwa kwa ajili ya rufaa na kwa muda gani, na nani kati ya wateja ataarifiwa kwamba ya kwake yamefutwa, kwa maneno yale yale waliyokubaliana mwanzoni kuyatumia.